Mbona miyombo inatoa majani mapya kabla hata tone la mvua halijaanguka? (Niko kibandani kando ya Malagarasi)

#1 Kando_ya_Malagarasi
Wakuu habari za mchana. Niko huku Uvinza, kwenye kibanda chetu cha familia upande wa mto, nimekuja kupumzika na sina haraka na mtu. Mwezi wa tisa unaishia, jua linachoma kwelikweli, nyasi ukizikanyaga zinavunjika, vumbi mpaka kwenye sufuria, mvua mara ya mwisho ilikuwa mwezi wa tano na juu hakuna wingu. Sasa nilipofika huku miti ilikuwa mitupu, matawi tu, unaona mpaka ng'ambo ya kilima. Leo nimetoka nje na mswaki mdomoni naangalia ng'ambo nakuta kilima kimebadilika, kuna wekundu wa shaba, kuna zambarau, kuna kijani cha manjano, majani malaini hata hayajakunjuka vizuri. Nimeyashika, yana ubaridi na unyevu. Nauliza kwa wanaojua, haya maji miti imeyatoa wapi? Na nani kaiambia mvua inakuja?

Kwa wanaotaka kujua nafanya nini huku: nimefagia, nimepaka oili chafu kwenye nguzo maana mchwa walishaanza, nimenoa panga, nimekaza fito za mlango, nimechemsha chai ya mkaa, nimekaa. Kivuli kikihama na mimi nahama na kigoda changu. Nimefurahi sana huu msimu, kwa kweli naupenda kuliko wote.

#2 mwisho wa reli
Picha iko wapi mkuu? Umetuwekea wekundu wa shaba kwa maneno tu, sisi wa Kigoma mjini, Mwanga na Gungu, tunaona mabati.

#3 Fundi Visima
Jibu ni mizizi. Nimechimba visima Kaliua na Urambo miaka mingi, unaweza ukawa umeshashuka chini kuliko urefu wa ngazi, udongo mkavu unatoka kwa sururu, halafu unakutana na mzizi wa mti mbichi kabisa, ukiukata unatoa maji. Ule mti una kisima chake. Nyasi ina mizizi mifupi ndiyo maana inakufa mwezi wa saba, mti unakunywa chini. Mvua kwake siyo habari ya leo.

#4 Mama Mizinga
Mwangaluka wote. Mimi nipo Sikonge, nafuga nyuki, mtundu na muva, ndiyo miyombo yenyewe, ni miti ninayokaa nayo kila siku. Fundi #3 umesema kweli ila nusu. Maji mengine yako kwenye shina lenyewe. Mti ukiangusha majani mwezi wa saba na wa nane unakuwa hautoi tena jasho, basi kidogo kinachopanda kutoka chini kinabaki ndani, shina linajaa taratibu. Zamani tulipokuwa tunabandua magome ya kutengenezea mizinga wazee walikuwa wanachagua wakati, mti ukiwa na maji gome linaachia lenyewe, ukiwa mkavu unahangaika na shoka mpaka jioni. Siku hizi tumehamia mizinga ya mbao maana mti ukiubandua gome ndiyo umeuua. Na baada ya haya majani, mwanangu hapo #1, yafuate maua. Usiyaangalie kwa macho tu, sikiliza asubuhi juu ya miti, nyuki watakuwa wameshafika.

#5 Binti Ujiji
Kaka hongera kwa mapumziko. Swali langu la kwanza siyo la majani, hicho kibanda kiko mita ngapi kutoka mtoni? Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60 shughuli za binadamu za kudumu hakuna. Nauliza kwa wema, kuna watu walijenga karibu na maji huku ziwani na kilichofuata 2020 na 2021 kila mtu wa Kigoma anakikumbuka, ziwa lilipanda likaingia Katonga na Kibirizi, mpaka bandarini.

La pili, mwembe wetu hapa nyumbani nao unatoa majani mekundu na unamwagiliwa kila siku na maji ya kufulia. Kwa hiyo wekundu siyo dalili ya kiu.

#6 Kando_ya_Malagarasi
Dada #5, kibanda kiko juu kwenye mwinuko, nyuma ya mkuyu, ukitaka maji unatembea na unatoa jasho. Marehemu babu aliyekiweka alikuwa anauogopa mto, hata mlango ameuelekeza porini. Sheria ilikuja baadaye ikamkuta yuko sahihi.

Mama #4 shikamoo. Nimetoka nimesikiliza. Nyuki wapo. Nilikuwa nadhani ni ule mlio wa nguzo za umeme ila huku hakuna umeme.

#7 Ticha Kasulu
Wakuu mnabishana kuhusu maji wakati swali lina vipande viwili. Maji yametoka wapi, na saa imelia vipi. Fundi na Mama wamejibu kipande cha kwanza. Kipande cha pili kwa maoni yangu ni joto. Angalieni Tabora, mwezi wa sita na wa saba usiku unajifunika blanketi, mwezi wa nane joto linaanza kupanda, mwezi wa kumi ndiyo kilele cha mwaka mzima, halafu mvua zikianza kunapoa. Mti unahisi usiku umeacha kuwa wa baridi, unaanza. Hauna haja ya kuambiwa na mtu kuhusu mvua, mvua huwa inafuata joto kila mwaka.

#8 mwisho wa reli
Ticha akiingia lazima agawe swali vipande viwili, marks ngapi kila kipande?

#9 Mhamiaji wa Theluji
Salaam kutoka kaskazini mwa Uswidi, mimi ni wa Kigoma mjini kwa kuzaliwa, huu uzi umenishika. Huku hicho unachokiona wewe #1 kinatokea mwezi wa tano. Miezi yote ya baridi mto umeganda, watu wanapita juu yake kwa miguu na mashine za theluji, halafu mwishoni mwa mwezi wa nne au wa tano barafu inapasuka, usiku unasikia milio mizito, asubuhi mapande yanaelea. Ndipo watu wanakwenda kwenye vibanda vyao vya mtoni. Wanafungua madirisha, wanafagia mavi ya panya, wanafungulia mabomba maana kabla ya baridi unatoa maji yote la sivyo yanaganda yanapasua bomba, wanapasua kuni, wanakaa kwenye ngazi na kahawa wakiwa wamefumba macho wanaota jua. Hawafanyi kitu kikubwa. Mtu mzima anaweza akashinda anapaka rangi boti moja na jioni ana furaha kweli.

Na mto huku unajaa bila mvua. Ni theluji ya milimani inayeyuka, mwezi wa tano na wa sita maji yanakuwa ya fujo wakati mbingu ni safi. Kuhusu majani, huku wanasema miti inasoma vitu viwili, joto na urefu wa mchana. Mchana huku unarefuka kila wiki unaona kwa macho.

Halafu Mama #4 nakuunga mkono kwenye shina. Kuna mti wa huku una gome jeupe, mwezi wa nne kabla hata jani moja halijatoka wanautoboa tundu dogo wanakinga maji yake kwenye ndoo, wanakunywa, yana utamu kwa mbali. Jani hakuna, maji tele.

#10 Ticha Kasulu
Mhamiaji asante kwa hilo la mti unaokingwa. Ila urefu wa mchana hapa kwetu una shida. Kigoma tuko kama digrii 5 kusini mwa ikweta, tofauti ya mchana mrefu kabisa wa mwezi wa 12 na mfupi kabisa wa mwezi wa sita ni kama nusu saa hivi. Mti utahesabu hizo dakika?

#11 Mhamiaji wa Theluji
Kwanini usihesabu ticha, jogoo hana saa na anawika kila alfajiri. Dakika chache zikijirudia kila mwaka bila kukosea ni ishara nzuri kuliko joto, joto mwaka mwingine linachelewa.

#12 Mzee Usinge
Wajukuu habari zenu. Mimi nitasema tulichokuwa tunakijua. Ni moto. Moto ukipita mapema, mwezi wa sita hivi, porini panapoa, majivu yanaingia ardhini, na ile sehemu iliyoungua ndiyo inayotangulia kuchipua, nyasi kwanza halafu miti. Wafugaji na wawindaji wa zamani wote walijua hivyo, mnyama anafuata sehemu iliyoungua. Pia upepo. Kiangazi upepo unatoka kusini mashariki unakausha midomo, ikifika mwezi wa tisa unalegea, jioni unaanza kusikia pumzi kutoka upande wa Kongo yenye unyevu. Mti una ngozi, unasikia.

#13 Dereva Kibondo
Mzee shikamoo, la moto sikubaliani nalo kwa heshima. Natembea Kibondo, Kasulu, Uvinza, Mpanda kila wiki na lori. Kuna maeneo yaliyoungua na yasiyoungua yametenganishwa na barabara tu. Kulia majivu, kushoto nyasi zimesimama mpaka kiunoni. Majani mekundu yako pande zote mbili. Labda walioungua wanatangulia siku kadhaa ila wasioungua nao wanakuja.

#14 Mzee Usinge
Marahaba mjukuu. Ukiwa kwenye lori unaona miti ya barabarani. Shuka, tembea ndani.

#15 Kapteni Kibirizi
Mada nzuri. Mimi ni mtu wa ziwa, naomba kuuliza, Malagarasi si unaanzia Tabora unakuja Uvinza halafu Ilagala unaingia ziwani? Maana mwezi huu maji ya mdomoni pale huwa yamepungua na yana utulivu, mtumbwi unaingia vizuri.

#16 Ticha Kasulu
Hapana kapteni. Unaanzia milima ya huku kwetu upande wa Burundi, sehemu ya juu kabisa ndiyo mpaka wetu na Burundi. Halafu unazunguka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, unakwenda mashariki kwenye mabwawa ya Moyowosi, unageuka kusini na magharibi, mto Ugalla unakuja kutoka Tabora unaungana nao, ndipo unashuka Uvinza mpaka ziwani. Ugalla ndiyo wa Tabora. Na huo kiangazi unakatika unabaki madimbwi, viboko na mamba wanabanana humo.

#17 Binti Ujiji
Na hayo mabwawa ndiyo yaliyoingizwa kwenye orodha ya ardhi oevu za kimataifa mwaka 2002, ya kwanza kwa Tanzania.

#18 Ticha Kasulu
Ni mwaka 2000 dada, Malagarasi-Muyovozi. Hekta zaidi ya milioni 3. Ya kwanza ni kweli.

#19 Kapteni Kibirizi
Sasa nimeelewa kitu kilichokuwa kinanisumbua. Mvua zinaisha mwezi wa nne wa tano, huku mjini pameshakauka, lakini pale mdomoni maji bado yanashuka mengi na magugu. Kumbe ni yale mabwawa yanayaachia polepole. Kwa hiyo Mhamiaji #9 theluji yenu na mabwawa yetu ni kazi moja, yanaweka maji ya mvua ya zamani yanakuja kuyatoa wakati mwingine.

#20 Fundi Visima
Kapteni umemaliza. Na ardhi ndivyo inavyofanya kwa miti. Mvua ya mwezi wa pili iko chini inasubiri.

#21 mwisho wa reli
Swali kwa mwenye uzi. Unaoga wapi? Maana nasikia mamba wa Malagarasi hawana utani, Stanley mwaka 1871 akienda Ujiji kumtafuta Livingstone alivuka hapohapo na punda wake akachukuliwa na mamba katikati ya maji wakati wanamvusha kwa kamba.

#22 Kando_ya_Malagarasi
Hilo la punda nililisimuliwa na babu, jina la punda alikuwa anaitwa Simba na halikumsaidia. Siogi mtoni kaka. Nachota kwa ndoo yenye kamba nikiwa nimesimama juu kwenye jiwe, na sichoti sehemu moja kila siku, mamba anakariri. Kuoga ni nyuma ya kibanda na beseni. Jioni siendi upande wa mto kabisa, viboko wanatoka kula nyasi na ukisimama kati ya kiboko na maji hiyo ni kesi nyingine. Usiku nawasikia wanakula, wanang'oa nyasi kwa sauti, mimi niko ndani natafuta stesheni kwenye redio.

Leo nimeshinda nasuka upya kamba za kitanda. Kazi ya saa moja imenichukua mchana wote kwa sababu kila nikivuta kamba nasikia ndege nainua kichwa. Keremkerem wamekuwa wengi ghafla, na mbayuwayu.

#23 Mhamiaji wa Theluji
Mbayuwayu! Hao ndio wanatoka huku. Mwezi wa nane wa tisa wanajipanga kwenye nyaya halafu siku moja hawapo. Wanarudi mwezi wa tano, na hapo kila mtu mwenye kibanda anasema sasa baridi imeisha kweli. Wanajenga chini ya mapaa ya hivyo vibanda. Wewe unawaona wakati wao wanakula huko, hawajengi kwako, sindiyo?

#24 Kando_ya_Malagarasi
Hawajengi. Wanapita chini juu ya maji wanakula wadudu tu. Aliyejenga kwenye paa langu ni nyigu.

#25 Mama Mizinga
Nyigu muache mpaka usiku. Na usivae nguo ya bluu wala nyeusi ukienda porini, mbung'o wanapenda hizo rangi, ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Vaa kaki. Mbung'o anauma mtu mpaka kupitia shati, na malale si ugonjwa wa kuchezea.

Halafu mbula zimeiva huko? Huku zimeanza kuanguka, watoto wanarudi shule mifuko imejaa.

#26 Dereva Kibondo
Mama umenikumbusha mbula, zile ukiziweka kwenye kabini harufu inakaa wiki. Mvua zikianza ndiyo kumbikumbi, halafu uyoga barabarani Urambo kwenye ndoo. Huu msimu kwa kweli ukiwa na mtu wa kukupikia huna shida duniani.

#27 Binti Ujiji
Ajipikie mwenyewe, amepumzika ana muda. Kaka #1 una mawese huko? Migebuka mikavu ukiichemsha na mawese na bilinganya chungu, ugali wa muhogo, hutauliza habari za majani.

#28 Kando_ya_Malagarasi
Mawese yapo, migebuka nilinunua mjini kabla ya kuja. Muhogo nimeletewa na jirani wa ng'ambo, nikampa chumvi, ingawa kumpa mtu chumvi Uvinza ambako chumvi inatengenezwa tangu enzi za mababu ni sawa na hakuna, alicheka sana.

Turudi kwenye majani. Nimefanya alichosema mzee #14, nimeshuka nikatembea ndani mpaka nyuma ya kilima. Kuna sehemu iliungua, kuna sehemu kuna mawe haikuungua. Kwenye iliyoungua majani yameshakunjuka na yanaanza kuwa kijani. Kwenye mawe bado mekundu machanga. Mzee una pointi.

#29 Mzee Usinge
Nimefurahi umetembea.

#30 Ticha Kasulu
Samahani mzee, hiyo inaweza kuwa joto bado. Palipoungua ardhi ni nyeusi, inavuta jua, na nyasi hazipo kutia kivuli. Pana joto kuliko kwenye mawe yenye nyasi. Sijasema moto hauhusiki, nasema unapitia kwenye joto.

#31 Fundi Visima
Au kwenye mawe hakuna udongo wa kushika maji ndiyo maana wamechelewa. Maji tena.

#32 Mama Mizinga
Na hakuna aliyejibu kwanini mti una haraka. Ungesubiri mvua ungekosa nini? Mimi naona ni wadudu. Mvua zikija viwavi wanajaa kila jani. Anayetoka mapema jani lake linakuwa limeshakomaa na kuwa gumu viwavi wanapofika. Na ule wekundu naona wadudu hawaupendi, nimeangalia miaka mingi, jani jekundu mara chache ukute limetobolewa.

#33 Binti Ujiji
Mama mimi nilisoma kwamba ile rangi nyekundu inalikinga jani changa na jua kali, mpaka kijani chake kikomae. Ila mwembe wetu uko kivulini mwa ghorofa la jirani na bado unatoa mekundu, kwa hiyo sijui jua gani hilo linalokingwa.

#34 mwisho wa reli
Huo mwembe wa Binti Ujiji umeshapinga watu wawili, upewe akaunti yake humu.

#35 Mhamiaji wa Theluji
Ombi moja mkuu #1. Siku ya mvua ya kwanza andika tarehe na hali ya majani. Fanya hivyo kila mwaka ukiwa hapo. Huku kuna watu wana madaftari ya vibanda, wazazi wao waliandika barafu imepasuka lini, ndege wa kwanza lini, jani la kwanza lini. Ukiwa na daftari la hivyo unaweza kubishana na ticha vizuri, kama joto ndiyo saa basi mwaka wa joto la mapema majani yatatangulia, kama ni mchana basi tarehe hazitahama.

#36 Kando_ya_Malagarasi
Hilo nalichukua. Daftari lipo, lilikuwa la kuandikia madeni ya samaki, nusu halijaandikwa.

#37 Dereva Kibondo
Nimepita jana Uvinza kuelekea Mpanda, nimesimama makusudi sababu ya huu uzi. Kuna mtundu umeota chini kabisa karibu na korongo lenye maji, na mwingine juu kwenye mwamba ambako hata nyasi hakuna. Wote wawili wana majani mekundu machanga, ukubwa uleule, nimeyalinganisha mkononi. Mmoja ana maji miguuni na mwingine amekalia jiwe. Fundi Visima hebu njoo ulijibu hilo.